Chungu Nilichokicheka Masasi

Mama,

Nimekicheka chungu chako mbele ya watu. Mchana kweupe, kwenye maonyesho ya Masasi, nimekicheka mpaka wengine wakacheka nami, na sikujua kuwa ni chako. Haya, nimelitoa. Ningeanza na salamu ningezunguka nazo mpaka karatasi iishe.

Sasa shikamoo, Mama.

Naisikia marahaba yako, ile ya kupitia puani kwa ajili ya ugoro.

Najua hukusoma. Padre alikutaka uje darasa la watu wazima ukamjibu kwamba macho yako yana kazi nyingine. Lakini nikija kusema nawe kwa mdomo pale kaburini Newala nitaanza kujisifu, unanijua. Mdomo wangu una mbio. Kalamu inanichelewesha. Darasa la nne langu hili, kila neno nalitafuta kama mtu anayechagua mchele, na wakati nalitafuta uongo unapata nafasi ya kuona haya.

Kwanza nikupe ya huku. Maji yamepanda mlima, Mama. Husadiki, na mimi sikusadiki mpaka nilipoyagusa. Serikali imetia mashine kule bondeni na mabomba mpaka juu, maji yanakuja Newala yenyewe, unafungua yanatoka. Ile njia yetu ya kuteremka bonde alfajiri na kurudi jua likiwa utosini imeota nyasi, hata nyani wanaiona ngeni. Wanawake siku hizi wanagombania foleni ya bomba, na wanachotea madebe. Mtungi umebaki wa vikongwe. Sijui ungecheka au ungenuna, wewe uliyefinyanga mitungi ya nusu ya wilaya. Mikorosho yako ya nyuma ya nyumba msimu uliopita ilizaa mpaka matawi yakaegemea chini. Vijana wanasema hakuna muda mrefu, tutajitawala na Bwana DC atafunga mizigo yake. Mimi nawaambia vizuri, ila waangalie mashine ya maji nani ataitia mafuta.

Na Dorotea. Mama, huyu Dorotea. Amemaliza ualimu, anafundisha shule ya wasichana hapahapa Masasi, anapanda baiskeli amekaa wima kama bibi harusi. Mkaguzi alikuja akakaa nyuma ya darasa lake kusikiliza, akasahau kutoka. Kiingereza anakisema bila kutafuna. Simsifu, nakueleza tu. Na ameposwa. Kijana ni Stefano, dresa wa hospitali, kwao Chiungutwa, mtu wa kanisa tangu babu. Mikono safi, kucha fupi, haongei ovyo. Mama yake ndiye hasa wa kumtazama. Mama Stefano ni mrefu, mkimya, maneno yake huyatoa kidogo kidogo kama chumvi ya wakati wa vita.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Walipokuja kuposa, Mama Stefano aliniuliza taratibu, "Na kwenu ni wapi, mkwe? Watu wako wako wapi?" Swali la kawaida tu. Ningesema Newala. Ningesema kaka yangu ndiye mjomba wa mtoto, nimeshamwita, yumo njiani. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mama yangu alikuwa mwalimu wa kazi za mikono misheni, na kwamba ndugu wengine wamekufa na wengine wametawanyika. Nikakuvika viatu, Mama. Nikakutoa ndona, kile kigingi chako cha mdomo wa juu. Nikakupa sindano za kufuma na miwani. Na mahali pa mjomba nilimsimamisha mzee wa kanisa akajibu maneno kwa niaba yetu, mtoto wa watu hai akaposwa kama amekutwa njiani.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Niliwaona kichwani mwangu ndugu zetu wanashuka kwenye lori, na vishungi vya ugoro, na sauti zile, Chimakonde kutoka huku barabarani mpaka kanisani, na bibi zetu wakicheka ndona zikigongana na meno. Nikawaona wakwe zangu wamekaa vitini wameshika vikombe vya chai. Nikaona mbali sana baina ya mkeka na kile kiti. Na mimi ndimi niliyekuwa mbali, si wao.

Uongo haukai peke yake. Chai ilipokolea nikaongeza kwamba binti wa kwetu hatoki bila chungu kilichofinyangwa na mkono wa upande wa mama. Hilo ni kweli, ni mila yetu. Kisha nikasema, "Na chungu cha Dorotea nitamfinyangia mwenyewe. Kazi hii niko nayo damuni."

Unaicheka mikono yangu huko uliko. Uliniita kwenye udongo mara ngapi? Nikasema unaingia kucheni. Nikasema nina vitambaa vya misheni vya kutarizi. Mimi najua kufuma soksi ya mtoto nikiwa nimefumba macho, lakini chungu sijawahi kukitoa hata cha kulishia kuku.

Basi niliposikia serikali na misheni wanafanya maonyesho makubwa ya kazi za mikono pale uwanja wa boma, na kwamba kila kazi itakuwa na mahali pa mtu kukaa akajaribu kwa mikono yake, nilisema Mungu huyu ananipenda. Nitakwenda mapema, nitajifunga shuka usoni, nitajifunza kwa mgeni asiyenijua, nitarudi fundi.

Ungeuona uwanja ule, Mama. Mabanda ya nyasi mistari kwa mistari, bendi ya wanafunzi, Bwana DC na kofia yake akizungushwa kama maiti wa mfalme, samahani, lakini ndivyo alivyotembea, hageuki. Watu wa Tandahimba, wa Lukuledi, wa kila bonde. Mbele ya kila banda pana benchi na kibao kimeandikwa KAA UJARIBU. Nikajifunga shuka vizuri. Sijafika hata banda la kwanza nikasikia nyuma yangu sauti ya chumvi ya vita:

"Mkwe. Nimekuja tutembee wote."

Mama Stefano. Kanga mpya, mwavuli mkononi. Amekuja na lori la Chiungutwa kwa ajili yangu. Nikasema, "Nimefurahi, mkwe."

Nikaona dawa ni kuchelewa. Nikamwingiza kila banda isipokuwa la udongo. Kwa seremala nikapiga randa mpaka ubao ukatoa utepe mrefu wa kujikunja, nikauchomeka kwenye kilemba nikatembea nao. Seremala akasema, "Mama Dorotea, ukiendelea hivyo utabaki na utepe, meza hatuna." Kwenye banda la kufuma ndipo nilipopumua. Nilikaa nikatoa soksi ya mtoto wakati wengine bado wanafungua uzi, mama wa misheni akaishika juu watu waone, nami nikamwambia Mama Stefano kwa sauti ya kusikika banda la pili kwamba mjukuu wake hatapata baridi. Alitabasamu. Kweli nilifurahi, nisikudanganye, yale mabanda yalikuwa matamu. Kwenye ukili mkeka wangu ulitoka kama mkia wa mbuzi. Mchongaji alinipa kipande cha mpingo na tindo, nikagonga, tindo ikaruka, mpingo hata alama haukuweka. Akaniambia, "Huo haupigwi, unabembelezwa." Mama Stefano yeye alikwama kwenye sabuni. Alikunja kanga akakoroga mafuta ya nazi na magadi kwa mwiko mrefu, jasho linamtoka, hasemi kitu, hataki kutoka. Nilimpenda pale. Nilitamani jua lituchwee kwenye sabuni.

Akafuta mikono. Akasema, "Mkwe, mbona tunaliruka banda la udongo? Si ndiyo kazi ya kwenu?"

Tukaenda.

Na nani alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, udongo mpaka viwikoni, ugoro puani, ndona yake inang'aa kama amepaka mafuta ya Pasaka? Mama Salumu wa Newala. Mtani wetu. Yuleyule aliyejilaza ndani ya kaburi lako siku ya kukuzika akakataa kutoka mpaka apewe kuku, akisema shimo ni zuri kuliko nyumba yake, na watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakitoka. Umenielewa, Mama. Kati ya watu wote wa nyanda zile.

Aliniona. Mimi naye macho yakakutana. Nikamwomba kwa macho. Akateremsha uso akasema, "Karibu, mgeni. Kaa ujaribu."

Mgeni. Nikadhani ameniokoa.

Nikakaa. Akanipa donge la udongo juu ya kigae. Mama Stefano akasimama nyuma yangu na mwavuli. Watu wakajaa, maana shuka lilikuwa limeshaanguka na wengi walinijua kwa soksi ya asubuhi. Nikatoboa donge katikati kama nilivyokuona ukifanya, nikaanza kulizungusha kwenye kigae, mkono huu unasukuma, mkono huu unapokea. Wanawake wa Newala waliokuwa pale wakapigana viwiko.

Mama Salumu akasema, "Mgeni, chungu hakizunguki. Chungu kimekaa kama mke mkubwa. Wewe ndiye unayekizunguka."

Mama, nimekuona ukifanya kazi ile tangu nikiwa mgongoni. Nilikuwa mgongoni mwako ukizunguka. Lazima nilikuwa nikizunguka nawe, na jua likiniingia jicho hili kisha jicho lile. Na nilisahau kwamba ni wewe uliyekuwa ukitembea. Kichwani mwangu siku zote nilikuona umetulia na chungu kinageuka.

Nikasimama, nikainama, nikaanza kurudi kinyumenyume kukizunguka. Mzunguko wa kwanza nikakanyaga kanga. Wa pili ukuta wa chungu ukaanza kunyanyuka, na mimi, unanijua, nikainua kichwa kuona nani ananitazama. Kikalala. Chubwi, kama kinyesi cha ng'ombe.

"Amechoka na safari," akasema Mama Salumu. "Mleteeni mkeka."

Wakacheka wote. Nilisikia na Mama Stefano ametoa pumzi puani. Nikaungua masikio. Na mtu akiungua hutafuta wa kuungua naye. Nyuma ya Mama Salumu palikuwa na ubao wa vyungu vya kutazamwa, vizuri, vyekundu, vimenyooka, na kimoja pembeni shingo yake imekwenda upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikakinyooshea mkono. Nikasema kwa sauti, "Changu angalau kimejua aibu kikalala. Kile pale kimepindapinda na bado kimeletwa kwenye maonyesho. Aliyekifinyanga alikuwa amelewa uraka. Mama yangu angekipiga teke."

Nilicheka. Wakacheka na wengine, wale wa mbali. Wanawake wa Newala hawakucheka.

Mama Salumu alinawa mikono. Aliinawa polepole, kidole kwa kidole. Akakichukua kile chungu akaja nacho mbele yangu, akasema, "Lusia."

Jina langu la utotoni, mbele ya mkwe wangu.

"Lusia, wewe ulilia kabla hujatoka tumboni na mpaka leo hujanyamaza. Leta kidole. Pitisha hapa chini ya mdomo."

Nikapitisha. Kila mfinyanzi ana namna yake ya kumalizia shingo, hilo hata mimi nalijua. Pale palikuwa na mstari wa kucha, vijipindi vidogovidogo, na kila kijipindi kimoja ni viwili, kimoja kinene na kimoja chembamba kando yake. Sikuhitaji kuambiwa. Sikio langu la kushoto ndilo lililojua kwanza. Kucha ya dole gumba lako, iliyopasuka katikati kwa panga kabla sijazaliwa, uliyonifinyia sikio kila niliposema uongo. Ilikuwa inaacha alama mbili.

"Ni cha mwisho," akasema Mama Salumu. "Alikifinyanga hali haoni. Alikuwa anakipapasa. Nikamwambia shingo inakwenda upande, akaniambia iache, itakwenda kumtazama Dorotea. Nikamchomea mimi, nikakinyunyizia uji wa mtama kisivuje mimi, maana alikuwa haoni moto. Akasema, mtani, kitunze, ukitoe siku watu watakapokuja kumposa mjukuu wangu. Nimengoja niitwe. Nikasikia sokoni kwamba mtoto ameshaposwa, na kwamba bibi yake siku hizi alikuwa mwalimu wa misheni mwenye viatu. Leo wameomba vyungu vya wazee, nikasema basi nacho kiende kikatembee, kisije kikafa nyumbani kama mwenyewe."

Ulikuwa huoni, Mama. Uliponiambia macho yanaona moshi nikakujibu upunguze kukaa jikoni.

Nilikipitisha kidole tena palepale. Mama Salumu hakuniacha, mtani hapewi adhabu wala haombwi huruma. Akamgeukia Mama Stefano akamwambia, "Mama, wewe ndiye mkwe? Shikamana na huyu, ni mtu mzuri, ila akikuambia kumekucha toka nje utazame. Mama yake alikuwa shoga yangu. Ndona yake ilikuwa kubwa kuliko hii yangu, tukigombana nilimwambia ndiyo sababu maneno yake hayatoki mazima. Hakuvaa kiatu hata siku moja. Alifundisha kufinyanga, ndiyo. Alinifundisha mimi."

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanaotoka msibani. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi ya kicheko.

Nilingoja Mama Stefano aondoke nao. Akakunja mwavuli akakaa kwenye benchi, pale nilipokuwa nimekaa mimi. Akakiomba chungu. Akakipakata.

Akasema, "Sisi tulijua huna watu. Tulikaa na mume wangu tukasema, maskini, hana kwao, tusimuulize sana tusimtoneshe. Tulikuwa tunakuonea huruma, mkwe."

Huruma. Mimi. Nilipotaka wanione mkubwa walikuwa wananihurumia.

Akaendelea, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile. "Babu yangu mimi aliletwa Masasi na wamisionari akiwa mtoto, ametolewa utumwani. Hakujua kijiji chake. Hakujua hata jina la mama yake, alikuwa akisema tu 'Mama'. Mpaka anazeeka, akipita msafiri wa mbali anamkalisha, anampa maji, anamtajia mto mmoja aliokuwa akiukumbuka, anamuuliza unaujua? Amekufa anauliza. Na wewe unako kwenu, siku moja kwa lori, umekufungia mlango."

Kisha akasema lile lililonileta kwenye karatasi hii: "Ndoa hii haitatangazwa kanisani mpaka watu wako waje. Si kwamba tunamkataa mtoto. Mtoto tunampenda. Lakini siwezi kumchukua mtoto wa watu kwa wizi. Tutakuja tukae chini na mjomba wake."

Nikamwomba Mama Salumu kile chungu. Akakataa. Alisema alikabidhiwa akitoe mbele ya wenyewe, na wenyewe si mimi peke yangu. Na atataka jogoo mweupe kabla hajakifunua, na akipewa mwekundu ataketi juu ya mkeka wa bibi harusi asubuhi mpaka jioni.

Nyumbani nilimwambia Dorotea yote. Nilidhani atanikasirikia kwa ajili ya ndoa. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaweka kalamu. Akasema, "Mama, mimi namkumbuka bibi na ndona yake. Nilikuwa nikiisukuma kwa kidole akijifanya ananiuma. Ulifikiri nimesahau? Nilikuwa sisemi kwa sababu ya kukuficha wewe." Mtoto wangu msomi amekuwa akinilinda mimi na aibu ambayo haikuwa aibu. Akauliza, "Shingo inakwenda upande gani?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akacheka, akalia, akarudi kwenye madaftari.

Nilikwenda Newala. Nililipanda lori na kuku wawili na haya yangu. Kaka alikuwa amekaa barazani anasuka kamba, hakuinuka. Nikampigia magoti. Akasema, "Mjomba mpya wa Masasi hajambo? Yule mzee wa kanisa?" Nikasema hajambo. "Anaendelea kuwaoza wapwa wangu vizuri?" Akasuka kamba mpaka ikafika mwisho, akaifunga fundo, ndipo akamwita mkewe aniletee maji. Akaniuliza kwa Chimakonde kama bado najua kukaa chini. Nikakaa chini. Tukala ming'oko na kunde, na alipomaliza akasema atakuja, na bibi zetu wote watakuja, na watani hawawezi kuzuiwa hata na serikali.

Kaburi lako nililiona kwa mbali. Sikusogea. Nilisimama kwenye mikorosho yako nikajifanya naokota mabibo, na msimu wenyewe bado, mtoto wa jirani akaniuliza naokota nini nikamwambia nafanya mazoezi. Hata pale nikadanganya. Ndiyo maana naandika.

Mama, nakuahidi hivi. Siku ya kikao cha kaka na wakwe sitamwachia mtu mwingine kusema. Nitasimama mbele ya Mama Stefano na padre na bibi zangu wote, nitataja jina lako lote kama ulivyokuwa ukiitwa wewe, nitasema ulikuwa na ndona, ulitembea peku, ulifinyanga kwa kuzunguka, na kwamba chungu hiki kilifinyangwa gizani na mtu asiyeona, na kuna mpumbavu mmoja alikicheka, ndimi. Kisha nitakaa mkekani. Viti watakalia wageni. Na wakishaondoka nitarudi na lori lao mpaka Newala, nitafika pale pako, karibu kabisa, nitakusalimu kwa mdomo, na nitajaribu kuwa mfupi.

Kwa sasa pumzika, mama yangu. Usinifinye sikio, limeshakoma. Nimeshatwanga mtama, nimeazima sufuria za jirani, jogoo mweupe nimempata kwa shida amefungwa chini ya meza ninapoandikia. Baba Dorotea, aliyeniacha niseme yote yale bila kunikatiza, anaezeka kibanda cha wageni upya. Dresa wetu Stefano ameomba ruhusa hospitalini. Lori limekubali kupita Newala kuwachukua: kaka na watu wake, bibi wote na ndona zao, Mama Salumu na chungu mapajani, na yeyote atakayelidandia njiani, maana sitamhesabu mtu wala kumrudisha. Wakwe watatoka Chiungutwa asubuhi ileile. Ni Jumamosi inayofuata sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu na Malaika Wote.

Mwanao,
Lusia